Stakabadhi bila gunia

Wengi mmenitumia meseji kwamba Jumamosi mlishindwa kufika kwenye mashindano ya gemu ya Mtwara na Lindi, nilipopewa nafasi ya kuongea, wengine mlikua Masasi kwenye msiba, wengine mliambiwa saa nane mkaja saa kumi mkakuta nishamaliza kuongea na nusu fainali ishaanza. Basi nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, na hata waliokuwepo hawakuziona vizuri maana projekta ilizima mara mbili.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana wana Mtwara, na wageni wetu wa Lindi mliopanda gari alfajiri, karibuni sana, najua mmekuja kuchukua kombe ila mtarudi na korosho za kubanika tu. (Lindi wakapiga kelele hapo, kelele nyingi.)

Nimepewa dakika ishirini. Mada niliyopewa inasema "gemu za diski na gemu za kudaunlodi, ipi bora". Mi sio mtaalam wa kompyuta, mi ni mtu wa banda la gemu, nimekaa kwenye banda miaka kumi na saba, nimefuta diski kwa kanga ya mama, nimebadilisha lenzi za PS2, yani PlayStation ya pili, mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Kwahiyo ntaongea kama mtu wa banda.

Nianze na swali. Mikono juu, nani hapa ana gemu aliyonunua kwa kudaunlodi? Naona wengi. Haya, msishushe. Kati yenu nani anaweza leo jioni kwenda kwa jirani yake akamwambia shika hii gemu, kaa nayo wiki nzima, ukimaliza nirudishie? ... Mmeona mikono ilivyoshuka? Kaeni na hilo swali, ntalirudia mpaka mnichoke. Unaweza kumwazima mtu?

Wadogo zangu, huku kwetu hakuna mtoto asiyejua stakabadhi ghalani. Toka msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinaenda hivyo, mzee anapeleka gunia kwenye chama cha msingi, linapimwa, linaenda ghala kuu, yeye anabaki na karatasi akisubiri mnada. Baba yangu karatasi zake alikua anaziweka ndani ya Msahafu ili mtoto yeyote asiziguse. Watu wanalalamika kuhusu huo mfumo, malipo yanachelewa, makato mengi, sawa, lakini karatasi ile ina maana kwasababu mahali fulani kuna gunia, lina kilo zake, na ni lako mpaka liuzwe.

Sasa ukinunua gemu ya kudaunlodi unapewa stakabadhi. Jina lako lipo, tarehe ipo, hela imekatwa. Gunia liko wapi? Gunia halipo ndugu zangu. Kuna mtu mwenye ghala amekuruhusu uingie ule korosho zake ukiwa humo humo ndani, na siku akifunga mlango umekaa na karatasi. Na hili silitungi mimi, soma yale maandishi marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma, yanasema unapewa leseni. Kule Marekani jimbo la California limeweka sheria iliyoanza kazi Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kudaunlodi asikuambie "nunua" bila kukuweka wazi kwamba unachopata ni leseni. Ujue mpaka serikali inaingilia neno moja kwenye kitufe, basi neno hilo limeshaliza watu.

Unaweza kumwazima mtu? Twende.

Juni 2013 Microsoft walikua wanaitangaza mashine yao mpya ya gemu, Xbox One, wakasema diski zitafungwa kwenye akaunti, mashine iwe inaingia mtandaoni angalau mara moja kwa siku, na kumpa mtu gemu uliyotumia kutakua na masharti. Sony, wenye PlayStation, wakawajibu kwa video ya sekunde chache tu. Mzee mmoja wa kampuni anamkabidhi mwenzake boksi la gemu, mwenzake anasema asante, video imeisha. Dunia nzima ikacheka, na mwezi ule ule Microsoft wakarudi nyuma. Mi nliiangalia ile video kwenye simu ya mteja pale bandani nkasema hawa ndio watu wetu. Alafu 2020 Sony hao hao wakatoa na toleo la PS5 lisilo na mdomo wa diski kabisa. Hahaha. Yani aliyekucheka jana kwa kukosa meno leo kang'oa ya kwake.

Niwape kisa cha karibu. Kuna kijana wa Chikongola, ni mteja wangu, simtaji maana yupo hapa na anajijua. Alinunua PS4 safi kabisa, akawa anachukua gemu kwa njia ambayo wengi wenu mnaijua vizuri, unalipia kwa simu kwa mtu wa kwenye grupu, anakutumia akaunti na paswedi, gemu kumi na nne kwa bei ya moja na nusu. Raha mustarehe. Miezi mitano akaja bandani uso umemshuka, kila gemu ina kufuli. Mwenye akaunti kabadilisha paswedi, namba haipatikani, grupu limefutwa. Gemu ziko ndani ya hadi disiki, ile kumbukumbu ya mashine, anaziona majina na picha zake, GB mia nne na kitu zilizoliwa na bando kwa wiki kadhaa, na hawezi kufungua hata moja. Akaniuliza kaka, nianzie wapi? Ningemwambia aanzie wapi? Kituo cha polisi aseme ameibiwa kitu ambacho hata yeye alikikodi kwa mtu aliyekikodi?

Msimcheke. Kuna sababu watu wetu wanaingia huko. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, PSN, mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea gemu. Haimo. Ndio maana akaunti zetu zinasema tunaishi Marekani, wengine Afrika Kusini, kuna jamaa yangu wa Mikindani akaunti yake inasema yeye ni mkazi wa Uturuki na hajawahi kuvuka Rufiji. Mei 2024 gemu ya Sony, Helldivers 2, iliondolewa sokoni kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa nchi na maeneo 177 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba huko hakuna PSN, na sisi tulikuwemo. Kwahiyo anayekuambia digitali ni rahisi, muulize rahisi kwa nani.

Na Mei hiyo hiyo 2024 mnaikumbuka? Kimbunga Hidaya kimepiga, mvua, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, magari yamelala njiani. Nlikua na mzigo wa diski na pedi mbili za kuchezea gemu kwenye basi, umekaa siku zaidi ya wiki. Nkasema aah, wale wa kudaunlodi sasa hivi wananicheka. Haikupita muda, tarehe 12 nyaya za mtandao za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kunusa, hata picha ya wasap haifunguki. Mzigo wangu ulifika, umelowa boksi la nje, diski kavu. Wao walisubiri. Ila wale waliokua nazo tayari ndani, diski au hadi disiki, wote walicheza, tusidanganyane, tatizo lilikua kwa anayehitaji ruhusa ya mtandao kila akiwasha.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniumiza mimi mtu wa diski. Diski siku hizi nazo zinadanganya. Nimewaletea hii, ipitisheni mkono kwa mkono msiikwaruze. Boksi zuri, lina uzito, plastiki bado inanukia. Ni gemu ya vita, Call of Duty ya 2022, Modern Warfare II. Ile diski ya PS5 ilikua na MB kama 70 tu ndani. Megabaiti! Gemu yenyewe unaivuta mtandaoni. Yani umenunua ufunguo umechongwa kwa umbo la diski. Na Nintendo kwenye mashine yao ya Switch 2 mwaka 2025 wameleta kaseti za aina hiyo, angalau wao wameandika kwenye boksi kwamba ndani kuna ufunguo tu.

Kibaya zaidi ni The Crew. Gemu ya magari, ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014. Ilitaka iunganishwe na seva, yani kompyuta za kampuni, muda wote hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. Mwenye stakabadhi kakosa na mwenye gunia kakosa, diski ipo mkononi inang'aa na haina kazi, labda uwatishie kunguru kwenye mpunga. Hapo ndio Ross Scott, jamaa wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na mpaka Julai 2025 kule Ulaya walishapita sahihi milioni moja, wanachodai ni kitu kidogo tu, ukitaka kuzima gemu uliyouza basi iache katika hali ambayo aliyelipa anaweza kuendelea kuicheza. Ndio maana swali langu sio "una diski?". Swali langu ni lile lile. Unaweza kumwazima mtu, akaenda nayo kwake Newala, akaiwasha ikacheza?

Tuje kwenye mpira maana naona macho yameanza kuangalia saa.

Septemba 2023 EA, kampuni inayotengeneza gemu ya mpira, walipoachana na jina la FIFA wakaja na FC 24, zile FIFA za nyuma, mpaka FIFA 23, zikatolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekua kashanunua kaachwa aendelee kuidaunlodi, mpya hapati. Lakini leo mtu akitoka na diski ya FIFA 19 Kariakoo, akaiweka kwenye PS4, anacheza. PES, ile gemu nyingine ya mpira ya Konami, ndio ikapotelea kabisa kwenye eFootball toka 2021, ya bure, ya mtandao, kila msimu wanabadilisha vitu humo ndani. Uliyoizoea mwaka jana ukitaka kuirudia iko wapi? Haipo, imeandikwa juu yake nyingine, kama ubao wa darasani. Kwenye PS2 mtu alikua anabishana na mwenzake kuhusu mshambuliaji Adriano wa gemu fulani miaka kumi baadae na wanaenda kuiweka wanaona ubishi umeisha.

Kuna watu wa Marekani wanaitwa Video Game History Foundation, wao wanahifadhi historia ya gemu, Julai 2023 walitoa utafiti wao kwamba asilimia 87 ya gemu za kabla ya 2010 zilizotoka Marekani haziuzwi tena popote kihalali. Marekani hiyo, kwenye maduka na maktaba na pesa. Sasa niambieni za kwetu.

Nakuja huko, subirini kidogo, kwanza mjomba.

Huku kwetu mnajua, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, mjomba ndio mjomba. Baba anakulea, ila kuna vitu vinapita kwa mjomba. Mjomba wangu alikua baharia, akaja na mashine ya zamani ya gemu, Sega Mega Drive, na kaseti tatu kwenye bati la biskuti. Alipofariki, baada ya arobaini, mama mkubwa akaniita chumbani akanipa lile bati, akasema mjomba wako alisema hili lako. Hamna karatasi, hamna paswedi, hamna mtu wa kuombwa. Nimelishika bati likawa langu. Ndani kaseti ya Sonic ilikua na kutu kidogo kwenye meno yale ya shaba, nkachukua pamba na spiriti nkasugua taratibu, ikasoma. (Na hapo hapo niseme, acheni kupuliza kaseti kwa mdomo! Mate yana unyevu, na sisi tuko pwani, chumvi ipo hewani tayari, unaongezea nini.)

Sasa makubaliano ya Steam yanasema akaunti haihamishiki kwa mtu mwingine. Hauzi, haumpi mtu. Mimi nna mpwa wangu mmoja anapenda gemu kuliko shule, Mungu amsaidie. Bati la biskuti anaweza kulipata. Akaunti yangu ya kompyuta yenye gemu arobaini, kwa makubaliano hayo inakufa na mimi. Ntamwachia paswedi kwenye kikaratasi kama mwizi, nimwambie mpwa wangu ukiulizwa jifanye ni mimi. Huo ndio urithi? Babu kizee wa miaka mia na thelathini kwenye akaunti bado anafungua gemu za vita?

Najua mtasema kaka unachukia kudaunlodi. Sichukii. Kuna gemu nzuri ndogo ndogo hazijawahi kutolewa kwa diski, ningezikosa. Kuna dada mmoja yuko Tandahimba, anacheza vizuri kunizidi, asingeweza kunifuata mimi Mtwara kila akitaka gemu mpya, anasubiri punguzo la bei anavuta usiku. Sawa kabisa. Mi nasema ujue unacholipia. Ukikodi, lipa bei ya kukodi. Gemu mpya ya kudaunlodi kuuzwa bei sawa na ya diski ambayo naweza kuicheza mwezi nkaiuza na nusu ya hela ikarudi, hapo ndio nachukia.

Na kuna wakusanyaji wengine siwaelewi pia, nisije kuonekana nawatetea wote. 2021 kuna boksi la Super Mario Bros ambalo halijawahi kufunguliwa limeuzwa dola milioni mbili. Milioni mbili na plastiki yake! Gemu iliyofungwa milele na yenyewe siwezi kumwazima mtu. Tuendelee.

Za kwetu sasa. Tuseme ukweli mbele ya Mungu na mbele ya mgeni rasmi, sisi wengi tulikua hatuna diski halali. Tulikua na diski za kuchoma, nakala za bila idhini. PS2 ziliuzwa duniani zaidi ya milioni 150, na zilizofika huku karibu zote zilikua zimechipiwa, yani zimewekewa chipu zisome diski za kuchoma, unapanda basi mpaka Kariakoo, kipande cha Ndundu mpaka Somanga bado tope, mnashuka mnasukuma, unarudi na diski ishirini kwenye mfuko wa rambo. Sijisifii, haikua halali. Ila kwenye zile diski kulikua na kitu ambacho hakipo kwenye duka lolote duniani, na hakijawahi kuwepo. Kuna vijana, hatuwajui hata majina, waliifungua PES wakaweka jezi za Simba na Yanga, wakaandika majina ya wachezaji wetu, wengine waliyakosea. Hakuna kampuni itakayozihifadhi zile, kampuni ingezichoma moto. Hakuna seva. Zipo kwenye makabati yetu, chini ya vitanda, zinaota ukungu.

Ninayo moja. Hii hapa. Imeandikwa kwa maka peni "SIMBA YAN", mwandishi aliishiwa nafasi. Nliinunua nadhani mwaka wa pili wa banda langu, watu wamechezea hii hela ya kujenga chumba. Ndani ya hii Yanga ina kipa mwenye jina la jamaa ambaye hajawahi kucheza mpira, nahisi ndio aliyeitengeneza. Ukiiwasha inaanza, muziki unakuja, ukichagua timu inaganda. Nimeifuta kutoka katikati kwenda nje, sio kuzungusha, nimepaka dawa ya mswaki, nimebadilisha lenzi. Fundi mmoja wa pale sokoni akanishikia diski kwenye jua akaniambia angalia. Kuna vitobo viwili kama vya sindano, mwanga unapita. Ule ung'aavu umeharibika, na ukiharibika hamna dawa. Zile za kuchoma zilikua za bei rahisi, hazikutengenezwa zikae miaka, na joto letu na unyevu wetu vimezimaliza.

Kwahiyo ombi langu ndio hili na ndilo lililonileta. Mkirudi nyumbani angalieni kwenye mabegi ya zamani, kwenye stendi za TV, kwa shemeji zenu waliowahi kua na mabanda Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Kilwa, Lindi mjini. Diski yoyote ya kuchoma yenye timu za kwetu. Msiisafishe na chochote, msiiweke juani, ifungeni na karatasi laini, na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu wekeni moja humo. Jumamosi ijayo hapa hapa ntakuja na kompyuta yenye mdomo wa diski, tunanakili mbele yenu dakika kumi, mnaondoka na diski yenu. Sichukui ya mtu. Na mwenye nakala nzima ya hii SIMBA YAN, hata kama kwake imeandikwa jina lingine, mtaijua kwa yule kipa, huyo asisubiri Jumamosi, aje bandani hata usiku, anigongee.

Haya. Naona mwamuzi ananikazia macho. Nusu fainali ya kwanza, Lindi wako wapi, chukueni pedi.